Volkano imelipuka, watoto wamepiga makofi. Halafu?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa chekechea, darasa langu ni la watoto wa miaka minne na mitano. Mwalimu mkuu ametutaka tuingize sayansi kwenye ratiba, nami nimeipokea kwa mikono miwili maana ni mambo ninayoyapenda. Nikatengeneza volkano ya udongo, nikamimina siki juu ya magadi soda, povu likapanda, darasa zima likalipuka kwa makofi. Nikawauliza tumejifunza nini. Wakajibu kwa pamoja: "Imelipuka!" Tangu hapo nimewaonyesha mengine ya namna hiyo, puto linalojijaza lenyewe, maji yanayobadilika rangi, na kila mara mwisho ni uleule. Wanataka nirudie, basi.

Kuna mtoto mmoja anayeniumiza kichwa zaidi. Ameshikilia kwamba kitu kizito huzama na chepesi huelea. Nikamweleza kwamba meli ni nzito na bado inaelea. Akanisikiliza vizuri, akayasema maneno yangu mbele ya wenzake bila kukosea hata moja. Kesho yake namuuliza, jibu ni lilelile: kizito huzama. Je, nimwache hivyo? Naogopa atakua na kosa hilo kichwani.

Halafu maswali yao. Mmoja ameniuliza kwa nini mwezi unamfuata akitembea usiku. Mtoto wa umri huo unamjibu vipi? Na nimeona pia kwamba wavulana ndio wanaojazana mezani. Wasichana wengi husimama nyuma wakitazama.

Juu ya yote hayo, wazazi wanalalamika kwamba watoto wao wanachezea maji wakati wale wa darasa la jirani wanaandika herufi, na mwalimu mkuu anataka kuona kazi kwenye madaftari. Nifanyeje? Au sayansi isubiri mpaka waingie darasa la kwanza?

Ni mimi,
Mwalimu Niliyechoka na Volkano

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Isisubiri. Ila nikuulize: siku ile ya volkano, nani alikuwa anafanya sayansi pale mezani? Ni wewe. Wewe ndiye uliyechagua vitu, ukakadiria kipimo, ukajua kitakachotokea, ukamimina. Watoto walikuwa hadhira, na kazi ya hadhira ni kupiga makofi. Waliposema "imelipuka" walikujibu kwa uaminifu kabisa, maana hakukuwa na kingine walichopewa kukifikiri.

Sikuambii uitupe volkano. Ivunjevunje. Badala ya mlima mmoja wako, wape watoto vikombe vidogo, kijiko, magadi soda na siki, na kando uweke kikombe cha maji. Kabla hawajamimina chochote, uliza: tukitia maji badala ya siki, povu litapanda? Waache wabishane. Kisha wamimine wenyewe. Baada ya hapo mtoto mmoja atataka kujua siki ikiongezwa inakuwaje, mwingine atataka kutia magadi mara mbili, na wa tatu atachanganya kila kilichopo mezani. Huyo wa tatu usimkemee. Mwulize tu: "Sasa tutajuaje ni kipi kilicholeta povu?" Hapo umeshaingia kwenye kiini cha kazi, yaani kubadilisha kitu kimoja na kuacha mengine yakae vilevile. Habari ya kwamba povu lile linatokana na hewa ya kabonidayoksaidi ni nzuri, lakini inaweza kungoja miaka. Uhodari wa kutenganisha sababu hauna haja ya kungoja.

Utasema watoto wa miaka minne hawawezi hayo. Wengi tulifundishwa hivyo, kwamba mtoto mdogo anachukua mambo jinsi yalivyo na hawezi kupanga jaribio. Mwaka 2011 Claire Cook, Noah Goodman na Laura Schulz, watafiti wa Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi ninaoupenda sana. Waliwapa watoto wa chekechea kifaa kinachowaka taa na kupiga muziki kikiwekewa shanga juu yake. Kundi moja liliona kila shanga ikikiwasha. Kundi la pili liliona baadhi zinakiwasha na nyingine hazikiwashi. Kisha watoto wakapewa shanga mbili zilizopachikana. Wale wa kundi la kwanza wengi hawakujisumbua kuzitenganisha. Za nini, wakati zote zinafanya kazi? Wale wa kundi la pili wakazivuta zikaachana, wakajaribu moja moja. Hakuna aliyewaelekeza. Na pale watafiti walipowapa shanga zilizogandishwa zisizoachana, baadhi yao walizisimamisha wima ili upande mmoja tu uguse kifaa. Hilo walilibuni wenyewe, hawakuwa wameonyeshwa na mtu yeyote.

Tazama kilichowasukuma. Ni kutokujua, tena kutokujua kwa aina fulani: walijua kwamba kuna mambo mawili yanayowezekana na hawakujua lipi ndilo. Kazi yako kubwa katika somo hili ni kuliandaa hilo. Uwafikishe mahali ambapo majibu mawili yote yana mantiki, halafu unyamaze.

Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi walimu tuna ugonjwa wa kusema. Mwaka huohuo wa 2011, Elizabeth Bonawitz na wenzake, Schulz akiwemo, walichunguza hili kwa kichezeo kimoja cha ajabu chenye mirija kadhaa. Mrija mmoja ulitoa mlio, mwingine ulificha kioo, mwingine ulitoa sauti za muziki, na palikuwa na taa pia. Kwa baadhi ya watoto, mtu mzima alijifanya mjuzi, akasema tazameni jinsi kinavyofanya kazi, akawaonyesha ule mlio. Kwa wengine, mlio ulitokea kana kwamba ni kwa bahati. Watoto waliofundishwa walirudiarudia ule mlio, wakacheza muda mfupi zaidi na kugundua mambo machache kuliko wenzao. Na si kwamba walikuwa wajinga! Walikuwa na hoja: mwalimu anayejua ameonyesha jambo moja, bila shaka ndilo lililopo. Ukiwaonyesha kila kitu unawafundisha pia kwamba hakuna kilichobaki.

Lakini nisikupeleke upande wa pili ukaanguka. Wapo wanaosoma hayo wakahitimisha kwamba mwalimu asiseme kitu, mtoto agundue yote. Sikubaliani nao. Mtoto hatagundua vijidudu kwa kucheza. Hatagundua jina la kitu. Hatagundua kwa usalama kwamba sumaku ndogo mbili zikimezwa zinaweza kubana utumbo katikati na kuutoboa. Usalama huo unauweka wewe, kwa kutumia sumaku kubwa zisizoingia mdomoni na kwa kufungia mbali betri za duara ndogo. Sema yale ambayo mikono na macho yake hayawezi kumwambia. Yale yanayoweza kumwambia, mwachie.

Tuje kwa kijana wako wa kizito na chepesi, maana huyo kwangu ndiye mwanafunzi wako mwenye maendeleo makubwa kuliko wote. Ana nadharia. Ameitoa kwenye mambo aliyoyaona: jiwe limezama, jani limeelea. Inafanya kazi mara nyingi, na ndiyo maana haiachi kwa sababu mtu mzima kataja meli ambayo hawezi kuishika. Maneno yako aliyahifadhi kwa heshima, lakini nadharia yake ameijenga mwenyewe. Kwa hiyo usishindane naye kwa maneno. Mwekee vitu vitakavyoshindana naye.

Beseni la maji. Changarawe moja ndogo, na kipande kikubwa cha ubao. Avishike, kimoja kila mkono, aseme kipi kizito. Atasema ubao. Aseme kipi kitazama. Atasema ubao. Tia. Sasa tazama uso wake, na tafadhali, kwa jina la kila unachokipenda, usiseme "umeona!" Subiri. Atatoa vitu majini, ataviweka tena, atavibonyeza. Pengine atakwambia ubao umeelea kwa kuwa ni mkubwa. Vizuri, mpe jiwe kubwa. Hapo atahama tena: "Mawe yanazama, ubao unaelea." Pokea jibu hilo kama lilivyo. Ametoka kwenye uzito akaja kwenye kile kitu kilichotengenezwa nacho, na hiyo ni safari ndefu kwa mtu wa miaka minne. Siku nyingine mletee mshumaa, msumari, kifuniko cha plastiki, aone kama sheria yake mpya inasimama.

Wiki inayofuata, lete udongo wa kuchezea. Donge lake linazama. Udongo uleule, bila kuongeza wala kupunguza, ukifinyangwa uwe na kingo kama chombo kidogo, unaelea. Uzito haujabadilika, udongo haujabadilika, umbo limebadilika. Kisha chupa ya plastiki yenye kifuniko: tupu inaelea, ikijazwa mchanga inazama, na umbo lake ni lilelile. Sasa nadharia zake zote zimeyumba kwa wakati mmoja, naye atakaa na fumbo hilo kwa muda, pengine kwa miaka, mpaka siku atakapofundishwa densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake. Siku hiyo ataipokea kwa sababu atakuwa na swali linaloihitaji. Unaogopa atakua na kosa? Anayekua na nadharia aliyoizoea kuipima ana nafuu kuliko anayekua na sentensi sahihi asiyojua imetoka wapi.

Nakuachia jaribio jingine, nalo ni la kutabiri. Chukua vipande viwili vya barafu vya ukubwa mmoja, kila kimoja kwenye kifuko chake cha plastiki kilichofungwa. Kimoja kiache juu ya sahani. Cha pili kizungushie blanketi nene. Waulize kipi kitayeyuka kwanza. Karibu darasa zima watakwambia cha ndani ya blanketi, maana blanketi lina joto. Wakijifunika wao wanapata joto, kwa nini barafu isipate? Kila mtoto aweke kokoto yake mbele ya kile anachokiamini, ili kila mmoja awe amesimama mahali na asiweze kujificha nyuma ya mwenzake. Kisha nendeni mkafanye mambo mengine, mrudi kuchungulia kila baada ya muda. Cha ndani ya blanketi kitakawia. Blanketi halitengenezi joto, linazuia joto lisipite, liwe linatoka mwilini mwako au linatoka hewani kwenda kwenye barafu. Maelezo hayo unaweza kuwaambia baadaye, wakishakuuliza. Watauliza.

Kwenye kutabiri kuna mtego, na sijui kama umeshauona darasani kwako. Ukimpigia makofi aliyepatia, mara ya pili watoto watangoja yule mwenye akili aweke kokoto yake kwanza, kisha wote waweke hapohapo. Usisifu jibu. Wote waulize swali moja, waliopatia na waliokosa: "Umefikirije?" Na aliyebadili mawazo baada ya kuona, huyo msikilize kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine. Watoto wanasoma macho yetu haraka mno. Wakiona unafurahia kubadili mawazo, watabadili bila aibu.

Sasa wasichana. Ulichokiona kipo, hukukibuni. Mwaka 2001 Kevin Crowley na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa familia zilizotembelea makumbusho ya watoto huko California. Wazazi walikuwa na uwezekano wa mara tatu zaidi wa kuwaeleza wavulana sababu za wanachokiona kuliko wasichana, ingawa wote walikuwa wanashika vifaa vilevile. Baba na mama, wote. Hakuna aliyekusudia. Kwa hiyo jichunguze: siku moja mwombe mwenzako akae pembeni aandike tu, nani umemuuliza "kwa nini" na nani umemwambia "nishikie hiki". Weka zamu za kumimina na kupima, zisiwe za anayewahi. Na jambo dogo la lugha ambalo wengi hulipuuza: Marjorie Rhodes na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba wasichana wa umri wa chekechea walioambiwa "leo tutafanya sayansi" walidumu kwenye mchezo wa kisayansi zaidi kuliko walioambiwa "leo tutakuwa wanasayansi". Ukiwataka wawe watu fulani, msichana anaweza kujiuliza kama yeye ni mtu wa aina hiyo. Kazi ya kufanya haina swali hilo. Kwa hiyo yale makoti meupe ya karatasi ambayo walimu wanayapenda sana siku ya sayansi, mimi ningeyaacha kabatini.

Mwezi. Usimwambie ataelewa akikua. Hilo ni jibu la kufunga mlango. Brandy Frazier, Susan Gelman na Henry Wellman walionyesha mwaka 2009 kwamba mtoto wa umri huu akipewa maelezo yenye sababu anaridhika au anasonga mbele na swali linalofuata, lakini akipewa jibu lisiloeleza kitu anarudia swali lake au anajitungia maelezo mwenyewe. Kwa hiyo zile "kwa nini" zinazokuchosha mara nyingi ni za mtoto ambaye bado hajajibiwa. Huyu wako mtoe nje mchana. Mtembee naye akitazama miti iliyo karibu na kitu kilicho mbali kabisa. Ya karibu inabaki nyuma upesi, kile cha mbali kinaonekana kama hakisogei. Halafu mwambie mwezi uko mbali kuliko vyote hivyo, kiasi cha kilomita 384,000, hivyo hata ukitembea usiku kucha hauuachi nyuma. Namba hiyo haitamwambia kitu, ila atafurahi kuitamka. Na pale usipojua jibu, sema "sijui, tutafanyaje ili tujue?" Useme kwa kumaanisha, kisha kweli mfanye.

Limebaki la madaftari. Mwalimu mkuu ana haki ya kuona kazi, usimnung'unikie. Mpe kazi. Kila mtoto achore anachodhani kitatokea, kabla. Baada ya jaribio achore kilichotokea, kwenye ukurasa wa pili. Chini ya kila mchoro andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, usiyanyooshe, na ugonge tarehe. Rochel Gelman na Kimberly Brenneman, waliotengeneza mpango mzima wa sayansi kwa chekechea nchini Marekani, walitumia madaftari ya namna hiyo yenye mihuri ya tarehe, na watoto wenyewe wakipenda kuigonga. Ndani ya daftari hilo herufi zipo, maana mtoto anaona maneno yake yakigeuka maandishi mbele ya macho yake. Hesabu zipo, maana walihesabu kokoto za kila upande na kusema upi umezidi. Kivuli cha mti kikichorwa kwa chaki asubuhi na adhuhuri na kupimwa kwa kamba, hapo kuna kipimo, tena cha maana kuliko kunakili namba nane mstari mzima.

Wazazi usiwahutubie. Siku ya kikao weka barafu mbili mezani, moja kwenye blanketi, kila mzazi aweke kokoto yake kabla ya kuketi. Wengi wataweka mahali walipoweka watoto wao. Endesha kikao kama kawaida, ada na sare na mengineyo, na mwishoni umwite mtoto mmoja aje afunue blanketi na kuwaeleza. Chagua yule wa kizito na chepesi, kama mwenyewe anapenda. Mwalimu mkuu naye apewe kokoto.

Akishaona yote hayo na bado anataka herufi tupu, niandikie tena tuone cha kufanya. Ila mpelekee madaftari ya mwezi mzima kwanza, yakiwa na kurasa zile ambazo mtoto alikosea kutabiri. Usizichane.